Mume Aliyefuata Mke

Mtwara ya mwaka 2013 na 2014 ilikuwa na wageni wengi kuliko nilivyowahi kuwaona tangu utoto wangu. Bomba la gesi lilikuwa linachimbiwa mtaro kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam, bandarini zilitia nanga meli za kuhudumia visima vya baharini, na kodi za nyumba Shangani zilipanda mpaka sisi walimu tukasogea pembezoni mwa mji. Mei 2013 mji huohuo uliingia katika vurugu, watu wakitaka kujua gesi hiyo ikishasafirishwa itawaachia nini wao. Siku hizo kila Mzungu aliyepita sokoni alihesabiwa kuwa mtu wa gesi.

Mwanamke niliyemwoa hakuwa mtu wa gesi. Alikuwa muuguzi kutoka Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, aliyekuja kujitolea kufundisha wauguzi wanafunzi. Mimi nilikuwa mwalimu wa Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari, mtoto wa kijiji cha Mpapura, na mwisho wa juma nilikuwa narudi kwa mama kwenye mikorosho yetu. Akaanza kufuatana nami. Alijifunza kumenya ming'oko mwenyewe, kumwamkia mama kabla ya kuketi, na kunyamaza mjomba anapozungumza. Mama alimpenda mapema. Mjomba alichukua muda, akimtazama tu.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha tulilazimika kuamua tutaishi wapi. Kubaki kulikuwa na njia yake. Sheria yetu inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo, ingawa atatakiwa kuukana uraia wa kwao, maana Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia pacha. Angeweza pia kukaa kwa hati ya ukaazi, huku ruhusa ya kufanya kazi ikiwa jambo la kuombwa peke yake. Tungeweza kuyabeba hayo. Lakini mama yake alikuwa ameanza kuugua, naye ni mtoto pekee. Nisingeweza kumwambia mwanamke amwache mama yake mgonjwa ili mimi nibaki karibu na wa kwangu mwenye afya na watoto wengine. Tukaamua kwamba nitakwenda mimi.

Nilipeleka habari hiyo Mpapura msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Niliogopa kumwambia mjomba kuliko nilivyoogopa kumwambia mama. Upande wa mama yangu ni Wamakua, na kwao ukoo unafuata mama. Mjomba ndiye mwenye neno katika ndoa ya mpwa wake. Nilidhani ataniuliza mwanaume gani anahamia kwa mkewe. Alinyamaza kwanza, kisha akasema:

"Mpwa, babu yako alitoka upande wa Masasi akaja kumfuata bibi yako hapa. Akalima shamba la wakwe mpaka wakwe wakaridhika naye. Kumfuata mke si aibu kwetu. Wewe unakwenda mbali tu."

"Ahsante, mjomba."

"Sijamaliza. Babu yako hakuja kama mtu anayejaribiwa. Alikuja mume wa mtu, na kila aliyemwona alijua ni mume wa nani. Na wewe uende hivyohivyo. Oa hapa, tukuone, ndipo uende."

Wakati huo mimi na mwenzangu tulikuwa tumeshaanza kusoma masharti ya viza ya Uingereza, na kuoa kwanza ilikuwa njia moja tu kati ya tatu zilizokuwa mbele yetu.

Ya kwanza ilikuwa viza ya matembezi. Marafiki wengi walitusukumia hiyo kwa sababu ni ya bei nafuu na majibu yake hutoka haraka. Ingia, walisema, ukishafika mtaoana na mambo yatajipanga. Hayajipangi. Aliyeingia kama mgeni wa matembezi haruhusiwi kubadili hadhi akiwa ndani ya nchi awe mwenzi mkaazi. Anatakiwa aondoke, akaombe upya akiwa kwao. Hata ile viza ya mgeni anayekuja kufunga ndoa huisha kwa kuondoka. Akisema uongo mpakani kuhusu nia yake, uongo huo unabaki kwenye kumbukumbu zao na kumwandama katika kila ombi la baadaye.

Ya pili ilikuwa viza ya mchumba. Hii ni halali, na kwa baadhi ya watu ndiyo inayofaa, hasa pale ambapo ndoa haiwezi kufungwa nyumbani. Inakupa miezi 6, na ndani ya miezi hiyo lazima mfunge ndoa. Huruhusiwi kufanya kazi kwa muda huo wote. Mkishaoana unaomba tena, ukiwa humo nchini, kibali cha kukaa kama mwenzi, na ada unalipa upya. Kwa hiyo gharama ni mbili, na mtu mzima anakaa nusu mwaka mikono mitupu, akimtegemea mchumba hata kwa nauli.

Ya tatu ilikuwa viza ya mwenzi wa ndoa. Ndoa inafungwa kwanza, popote inapotambulika kisheria, kisha ombi linapelekwa ukiwa nje. Viza hiyo ilikuwa ya miezi 33, na unaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kufika. Ukimaliza unaongeza miezi 30, na ukitimiza miaka 5 unaomba ukaazi wa kudumu. Maandalizi yake kabla ya safari ndiyo marefu zaidi, lakini ukifika unakuwa umefika kweli.

Neno la mjomba na masharti ya London vilikutana hapo. Tukachagua ya tatu.

Kazi ikaanzia mahali ambapo sikutegemea, katika kuthibitisha kwamba nilizaliwa. Nilizaliwa nyumbani, mikononi mwa bibi, kama wengi wa rika langu pale kijijini, na cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho. Niliifuata ofisi ya mkuu wa wilaya, ambako shughuli za RITA, wakala wa serikali wa usajili, hufanyika, nikiwa na barua ya mtendaji wa kijiji, kadi ya kliniki iliyokuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo, na cheti changu cha shule ya msingi. Jina la babu lilikuwa limeandikwa kwa herufi tofauti katika karatasi hizo. Kijijini hakuna aliyewahi kujali. Kila mtu anajua babu yangu ni nani. Lakini msoma faili wa mbali hamjui babu yangu, na kwake herufi mbili tofauti ni watu wawili tofauti. Ikabidi kwenda kwa wakili kuapa kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Baada ya cheti ndipo nikaomba pasipoti, na nikahakikisha majina matatu yanafuatana vilevile kila mahali: kwenye cheti, kwenye pasipoti, na baadaye kwenye cheti cha ndoa.

Ndoa yenyewe tuliifunga bomani. Mjomba angependa sheikh aiozeshe, na mimi pia, lakini tulimweleza sababu naye akaikubali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaichukulia ndoa ya Kiislamu, na ile ya kimila, kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi, na ndoa nyingine kuwa ya mke mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sikuwa na nia ya mke wa pili, wala sikutaka afisa wa mbali akae akijiuliza. Mwenzangu alileta hati kutoka kwao kuthibitisha kwamba hana kizuizi cha kuolewa. Kusudio letu likabandikwa kwenye ubao kwa siku 21, kama sheria inavyotaka, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mama alikwenda kulisoma. Alisimama mbele ya ule ubao akiwa amejifunga khanga mpya, akasoma taratibu jina langu na la mke wa mwanawe, kana kwamba ni matokeo ya mtihani.

Siku ya ndoa mjomba alikuwa shahidi wangu. Alipotia saini yake alimgeukia mke wangu akamwambia, "Mkwe, sasa ni wako. Mwendee polepole." Jioni tulisomewa dua Mpapura, tukala pilau, na akina mama wakaimba mpaka usiku mwingi. Picha za siku hiyo baadaye ziliingia kwenye faili: mama, mjomba, majirani, watoto wanaochungulia pembeni. Nilipozibandika nilihisi uzito kwamba furaha ya watu hawa imekuwa ushahidi. Lakini nilijua pia kwamba hakuna mchumba wa kuandikiana tu ambaye angekuwa na picha kama zile.

Kisha mke wangu akaondoka, na hapa ndipo palipotuumiza.

Tangu Julai 2012 Uingereza ilikuwa imeweka kiwango cha kipato kwa raia wake anayetaka kumleta mwenzi kutoka nje: pauni 18,600 kwa mwaka. Kilichohesabiwa ni kipato cha raia yule. Mshahara wangu wa ualimu haukuingia, wala malipo ya korosho, wala kazi yoyote ambayo ningeahidiwa kule. Asiye na mshahara huo aliweza kuonyesha akiba ya pauni 62,500 benki, fedha ambazo sisi hatukuwahi kuziota. Na mshahara wenyewe ulitakiwa uthibitishwe kwa hati za malipo za miezi 6 mfululizo kwa mwajiri yuleyule, zikilingana na taarifa za benki. Mtu aliyekuwa akijitolea Mtwara hana hati hizo. Ikabidi mke wangu arudi kwao, atafute kazi ya uuguzi, aifanye miezi hiyo yote, ndipo tuombe.

Tulikuwa na bahati ya taaluma yake. Wakati huo muuguzi wa daraja la kuanzia katika huduma ya afya ya umma ya Uingereza alilipwa takriban pauni 21,500, hivyo alipita kiwango. Angekuwa mlezi wa wazee, au mhudumu wa duka wa nusu siku, au mama anayelea mtoto nyumbani, asingepita. Niliwaza sana juu ya hao wengine katika miezi ile. Mapenzi yao hayakuwa madogo kuliko yetu. Mishahara yao ndiyo ilikuwa midogo. Mpaka leo naamini kwamba sheria inayopima haki ya mtu kuishi na mwenzi wake kwa kiasi cha mshahara ni sheria inayowatenga maskini na kuiita kazi hiyo utaratibu.

Ndoa changa ikaishi kwenye simu. Yeye alikuwa anatoka zamu ya usiku wakati mimi naingia darasani. Intaneti ilikatika katikati ya maneno. Msimu wa korosho ulipofika, mabibo yakiwa yameanguka na kunukia chini ya miti, nilimpigia nikiwa shambani ili asikie sauti ya mama akiwahimiza watoto kuokota. Fedha za korosho zilikuja kwa mafungu kupitia chama cha msingi, na mama akanipa za kwake bila kuombwa. "Nauli ya kumfuata mke inatoka kwa mama," alisema. Ndizo zilizonipeleka Dar es Salaam.

Safari hiyo kwa mtu wa kusini ina historia yake. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa limetuondolea adha ya kivuko tangu 2003, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kiliendelea kuwatesa abiria kwa miaka mingi, na ndiyo kwanza lami yake ilikuwa inamalizika. Dar nilikuwa na shughuli tatu. Ya kwanza, kipimo cha kifua kikuu, kwa picha ya mapafu, katika kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Cheti chake hudumu miezi 6, kwa hiyo ukikiwahi mno kitakwisha kabla ya ombi. Ya pili, mtihani wa Kiingereza wa kusikiliza na kuzungumza, ngazi ya A1, ambao wenzi waliwekewa tangu Novemba 2010. Ya tatu, kituo cha maombi ya viza, kwa picha na alama za vidole.

Faili letu lilikuwa na fomu, kiambatisho cha fedha, hati za mshahara, barua ya mwajiri, mkataba wa nyumba kuonyesha kwamba tutakuwa na mahali pa kulala, cheti cha ndoa, picha, kumbukumbu za simu, na barua za watu wanaotufahamu. Kila kilichoandikwa kwa Kiswahili kilihitaji tafsiri. Barua niliyoipenda kuliko zote ni ya mjomba. Alimtamkia mwalimu mwenzangu, kisha akaweka saini. Alisema: mimi ndiye mjomba wake na nilisimama katika ndoa hii, mwanamke huyu amelala nyumbani kwa dada yangu, amechota maji nasi, amelia nasi msibani, sina shaka naye, wala sina shaka na mpwa wangu. Katika faili zima ni karatasi hiyo tu iliyozungumza habari za ndoa. Nyingine zilizungumza fedha na tarehe.

Muda wa kusubiri ulitajwa kuwa wiki kama 12. Sikumwambia mtu shuleni. Nilifundisha Mkutano wa Berlin, nikasahihisha madaftari, nikaamka usiku kutazama simu. Majibu yalipokuja niliitwa kuchukua pasipoti bila kuambiwa uamuzi. Nikafungua bahasha barabarani, nikaona karatasi ya viza imebandikwa, ya miezi 33, na chini yake maneno kwamba sina haki ya fedha za umma. Nilimpigia mke wangu kwanza. Wa pili alikuwa mjomba. Aliuliza swali moja tu: "Wameandika kuwa wewe ni mume?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi nenda."

Faida ya chaguo letu niliiona mara tu nilipofika Sheffield. Niliruhusiwa kufanya kazi, nikaanza na usafi wa usiku hospitalini, kisha nikawa msaidizi wa darasani shuleni. Jirani yetu, kijana wa Afrika Magharibi aliyeingia kwa viza ya mchumba, alikaa miezi dirishani akiwaona wengine wanakwenda kazini, na ile hali ya kuomba nauli kwa mchumba ilimla moyo. Hakuwa mvivu. Karatasi yake ilimkataza. Nikakumbuka alichosema mjomba juu ya mtu anayejaribiwa.

Tangu hapo masharti yameongezeka uzito. Aprili 2015 ilianza ada ya huduma ya afya kwa wahamiaji, pauni 200 kwa mwaka. Leo ni 1,035, na kwa viza ya mwenzi inalipwa kwa mkupuo, pauni 3,105, nje ya ada ya ombi. Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu juu ya kiwango cha kipato. Ilikubali kwamba serikali inaweza kuwa nacho, lakini ikasema kanuni hazikuyazingatia ipasavyo maslahi ya watoto wala vyanzo vingine vya fedha vya familia. Nilisoma habari hiyo mapumziko ya chai, nikafarijika kwamba majaji wameona tulichokiona. Lakini tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kilipandishwa hadi pauni 29,000. Kwa mshahara ule aliokuwa nao mke wangu, leo tungekuwa bado tuko kwenye simu.

Nimepata ukaazi wa kudumu, na uraia sijauomba. Nikiuchukua nitaupoteza wa Tanzania, na pamoja nao haki ya kumiliki mikorosho ya mama kama mwananchi. Ukaazi huo nao una mpaka wake: nikikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo unakwisha. Naishi ndani ya mpaka huo kwa kuchagua.

Vijana wa Mtwara hunipigia kuniuliza viza gani ni rahisi. Huwaambia waanze na cheti cha kuzaliwa, wasawazishe majina, waoe au waolewe mbele ya watu wao, kisha wachague viza inayosema wazi wao ni nani na inayowaruhusu kufanya kazi. Na wasome kiwango cha kipato kabla ya kuweka tarehe ya harusi.

Lakini simu iliyonielemea zaidi ilitoka kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu. Sasa mimi ndiye mjomba. Ameolewa na kijana Mmakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mmoja wa watu ambao vita vya Cabo Delgado viliwasukuma kuvuka mto. Wanaishi kwetu, wanalima, kijana amemfuata mke kama babu yangu alivyomfuata bibi. Mpwa wangu aliuliza kama mumewe anaweza kupata uraia kwa ndoa, kama ambavyo mke wangu angeweza. Nikamjibu kwamba hawezi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa nafasi hiyo mwanamke aliyeolewa na Mtanzania. Mwanaume aliyemwoa Mtanzania hufuata njia ndefu ya mgeni mwingine yeyote.

Miaka yote nimelalamika kwamba London ilipima ndoa yangu kwa mshahara wa mke wangu. Sina haki ya kunyamaza pale sheria ya kwetu inapoipima ndoa ya mpwa wangu kwa kuwa yeye ni mwanamke. Watu wa kusini tumeishi vizazi na vizazi na wanaume waliowafuata wake zao, tukawapa mashamba na kuwaita wetu. Nimemwandikia mbunge wetu kwamba Bunge liirekebishe sheria hiyo, na mpwa wangu ameshaanza kukusanya saini za akina mama wa kata nzima.